Pumzi Inakata Mapema? Punguza Mwendo

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina miaka 34, kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Nimeanza kukimbia alfajiri lakini dakika ya tatu tu pumzi inakata na mapafu yanawaka. Nataka nifike kilomita 5 bila kusimama. Je, nina tatizo la mapafu? – Msomaji, Temeke

JIBU: Kama ukipanda ngazi za ofisini huhemi kupita kiasi, hukohoi usiku na kifua hakibani, huenda mapafu yako hayana shida. Shida ni mwendo. Wanaoanza karibu wote wanakimbia kwa kasi waliyokuwa nayo wakiwa na miaka 17. Misuli inadai oksijeni kuliko moyo unavyoweza kuipeleka, inaanza kuchoma sukari bila oksijeni ya kutosha, na pumzi inakwenda mbio kufidia.

Kipimo ni mdomo wako. Wakati unakimbia, sema sentensi nzima ya maneno kumi hivi. Ukilazimika kuikata katikati ili uvute hewa, umezidisha. Mchakamchaka wa shule ulikuwa na faida hiyo: huwezi kuitikia nyimbo huku unakimbia kama mwizi. Ukipenda namba, toa umri wako kwenye 220, unabaki na 186. Lenga asilimia 65 hadi 75 ya hapo. Simama, shika mapigo shingoni kwa sekunde 15: yawe kati ya 30 na 35. Hayo ni makadirio, yakipingana na mdomo, sikiliza mdomo.

Kimbia siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Kila mara anza na dakika 5 za kutembea haraka, umalizie na 5 za kutembea polepole. Katikati, wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, mara nane. Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara sita. Ya 5 na 6: kimbia 4, tembea 2, mara nne. Ya 7 na 8: kimbia 7, tembea 2, mara tatu. Ya 9 na 10: kimbia 12, tembea 2, mara mbili. Kuanzia hapo jaribu dakika 25 mfululizo, kisha ongeza dakika 3 kila wiki katika siku moja tu kati ya zile tatu. Kwa mwendo wa dakika 8 kwa kilomita, kilomita 5 ni dakika 40, kwa hiyo hesabu miezi minne. Wiki ikikushinda, irudie, hakuna anayekudai.

Na usione aibu kutembea. Iten, Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, wanariadha wa kimataifa huanza mbio zao nyepesi kwa mwendo ambao hata wewe ungewafuata kwa dakika chache.

SWALI: Nipo wiki ya nne na kikundi chetu cha joging. Pumzi sasa ni nzuri, lakini muundi wa mguu unauma upande wa ndani. Niendelee tu, mwili utazoea? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiendelee. Pumzi nzuri ndiyo iliyokuponza. Ujazo wa damu huanza kuongezeka ndani ya wiki mbili za kwanza, na moyo hufuata upesi. Mifupa na kano huhitaji miezi. Kwa hiyo unajisikia una nguvu za kwenda mbali kabla miguu haijawa tayari, hasa unapokimbizana na wenzako wa mwaka wa tatu kwenye lami.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa mfupa. Maumivu yakitambaa eneo refu, la sentimita 5 au zaidi, mara nyingi ni mfupa na misuli yake kuzidiwa. Acha kukimbia wiki mbili. Endesha baiskeli au tembea kama hakuumi. Simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa vidole na ushuke taratibu, mara 12, seti tatu, kila baada ya siku moja. Ukirudi, anza na nusu ya muda uliokuwa unakimbia na ufupishe hatua, mguu utue chini ya goti badala ya mbele yake.

Maumivu yakiwa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, au yakikuamsha usiku, nenda hospitali: huenda mfupa una ufa. Eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani. Kumeza dawa ya maumivu ili ukimbie ndiko kunakogeuza ufa kuwa mvunjiko.

Kagua pia viatu. Vya mtumba si vibaya, ila viweke mezani uvitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande, kiache. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa hata kama juu kinang'aa.

SWALI: Nina miaka 52 na natumia dawa za presha. Naruhusiwa kukimbia? – Mama wa Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Mwone kwanza daktari anayekuandikia dawa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka dakika 30 kwa siku tano kunatimiza hilo bila kukimbia hata hatua moja. Presha ikisoma 180/110 au zaidi, siku hiyo usifanye mazoezi, nenda kituo cha afya. Dawa kama atenolol hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo hesabu ya 220 haikufai. Tumia kipimo cha kuongea. Usisimame ghafla ukimaliza, maana presha inaweza kushuka ukaona kizunguzungu: tembea polepole dakika 10. Kifua kikibana, au maumivu yakienda taya au mkono, acha hapo hapo utafute msaada.