Lugha yangu mpya wanasema ni Kiswahili kimebadilishwa nguo

SWALI: Mambo vipi dada, naandika hadithi ya ufalme flani wa kubuni na watu wake nimewatungia lugha yao, nina maneno kama 600 hivi kwenye daftari, sasa rafiki yangu anayesoma isimu chuoni kaangalia akacheka, anasema hicho ni Kiswahili umekibadilisha nguo tu. Mfano "ninakupenda" kwangu ni "mirovoshela". Nisome vitabu gani vya isimu, visivyolaza usingizi jamani? – Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Mdogo wangu, rafiki yako ana mdomo ila hajakosea. Hebu likate hilo neno, mi, ro, vo, shela, halafu weka ni, na, ku, penda hapo chini yake. Foleni ileile, mtendaji, wakati, mtendwa, kitenzi, na hadi ile a ya mwisho umeiacha palepale! Maneno 600 umehangaika nayo, mifupa hujaigusa.

Kwahiyo anza na sarufi ya lugha isiyofanana na yako, na hapo we mtu wa Dodoma umebarikiwa aisee, ni basi la Kondoa tu. Kule na Chemba kuna Wasandawe wenye vidoko, zile sauti za ulimi kama mtu anavyohimiza punda, ila kwao ni konsonanti kabisa ndani ya neno, na kitenzi kwa kawaida kinakuja mwisho. Jirani zao Waburunge lugha yao ni ya Kikushi, si Kibantu, ukoo mmoja na Kisomali. Halafu Warangi, Wabantu wenzetu kabisa, wakisema jambo la baadaye kitenzi kikuu kinaweza kutangulia ndo kisaidizi kinafuata nyuma, mi niliposikia hiyo nilidhani nataniwa.

Vitabu sasa. Chukua Describing Morphosyntax cha Thomas Payne, 1997, kimeandikiwa watu wanaoenda kuandika sarufi ya lugha ambayo haijaandikwa bado, kila sura inakuuliza maswali, we yajibu kwa lugha yako. Kigumu kidogo, ruka kurasa, hakuna wa kukukamata. Ukichoka ingia WALS, atlasi ya lugha za dunia, iko bure mtandaoni, unaona kwenye ramani nani anaweka kitenzi wapi. The Art of Language Invention cha David Peterson, 2015, yule aliyetunga Kidothraki, lugha ya kubuni ya tamthilia ya Game of Thrones, ni raha tupu ila kiache cha mwisho, ukianza nacho utaacha kuiga Kiswahili uanze kumuiga yeye.

Na hiyo shela usiifute, tamu. Ing'oe a, ile ro ihamishie nyuma yake, unitumie tena nione.