Swali la Lugha: Breki hazifeli

Msomaji wa Langoni, Lamu, ameandika: "Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi na wenzangu tunautia Kiswahili mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni. Umeiga kichwa cha treni sawasawa: una mkono wa breki za treni nzima, mkono wa breki za kichwa peke yake, mkono wa kuongeza nguvu na saa ya kupima upepo. Tumekwama. Tuseme kukanyaga breki au kufunga breki? Kulegeza au kuachia? Nguvu ya kichwa kuvuta mabehewa ndiyo mvutano? Mpira wa upepo ukikatika, maandishi mekundu yaseme 'Breki zimefeli'? Na mwenzetu mmoja anashikilia tuandike kitwa, si kichwa."

Waaleikum salaam. Nitaanza na hayo maandishi mekundu, kwa sababu neno lililomo limenikera miaka na miaka. Huku Malindi hatukai muda bila kusikia katika taarifa ya habari kwamba lori limepoteza mwelekeo "baada ya breki kufeli". Watu wamekufa, mtangazaji ametamka maneno yake mawili, amehamia habari nyingine, na msikilizaji hajaambiwa kitu.

Kufeli tumelitoa katika Kiingereza na likaingia kwetu kwa mlango wa darasa. Darasani lina kazi yake: mtoto amefanya mtihani, alama hazikutosha, amefeli. Hapo sina ugomvi nalo. Lakini breki hazifanyi mtihani, na Kiswahili cha gereji hakikuwa na njaa ya neno hilo. Nenda kwa fundi yeyote umsikilize. Atakwambia breki zimekwisha, au hazishiki, au zimeshikana, au zimepata moto, au mpira umekatika, au upepo umekwisha. Kila neno hapo linamwonyesha pa kuanzia kazi. Zaidi ya hayo, linatuonyesha sisi wa kumuuliza. Breki zilizokwisha ni za mwenye lori aliyekataa kununua mpya. Breki zilizopata moto mteremkoni ni za dereva aliyezishika mfululizo badala ya kurudisha gia. Mpira uliokatika pengine ni wa aliyelikagua gari na kulipitisha. Sema "zimefeli", na wote watatu wanaondoka bila swali. Ndiyo maana nalichukia neno hili kuliko makosa mengine makubwa ya sarufi: linawasitiri watu wanaopaswa kujibu.

Kwenye treni ubaya wake unazidi, maana linasema kinyume cha kinachotokea. George Westinghouse wa Marekani alipotoa breki yake ya upepo mwaka 1869, upepo ulitoka kwenye kichwa, ukapita bombani hadi kwenye breki za mabehewa. Bomba likikatika, breki hakuna. Miaka michache baadaye aliugeuza mpango mzima. Bomba likawa linajazwa upepo safari nzima, katika nchi nyingi kwa kiasi cha baa 5 (baa ni kipimo cha msukumo wa upepo), na kila behewa likapewa tangi lake dogo la akiba. Dereva akitaka kufunga breki haongezi upepo bombani, anautoa. Vali ya kila behewa ikihisi upepo wa bomba umeshuka, inafungulia tangi la behewa lake, na upepo huo wa akiba ndio unaosukuma breki zibane magurudumu. Kwa hiyo mpira unaounganisha bomba la behewa na la behewa jingine ukikatika, upepo wote wa bomba unatoka kwa mkupuo na breki zinabana kwa nguvu zake zote bila kuguswa na mtu. Mchezaji wenu akisoma "Breki zimefeli" atahangaika kutafuta namna ya kusimamisha treni ambayo tayari inasimamishwa. Andikeni: "Mpira wa upepo umekatika. Breki zimejifunga."

Je, breki za treni hazipotei kabisa? Hupotea, na hapo pia kuna maneno. Dereva anayefunga na kuachia, kufunga na kuachia, mteremko mzima, bila kuyapa matangi nafasi ya kujaa tena, atafika pahali upepo umekwisha. Semeni hivyo: "Upepo umekwisha."

Kuna ajali moja ambayo huitaja kila mara nikijadili neno hili. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, treni iliyobeba mafuta ghafi iliachwa bila mtu juu ya mteremko, nje ya mji wa Lac-Mégantic huko Kanada. Kilichosaidia kuishika ni breki za upepo za vichwa vyake. Kichwa kilichoachwa kikinguruma kikashika moto, watu wa zimamoto wakauzima moto na injini ikazimwa. Injini ilipozimwa, hapakuwa tena na cha kurudisha upepo uliokuwa ukivuja kidogo kidogo. Breki za mkono, zile zisizotegemea upepo, zilizofungwa zilikuwa 7 tu, na treni ilikuwa na mabehewa 72 ya mafuta. Ikaanza kuteremka yenyewe, ikaanguka katikati ya mji na kulipuka. Watu 47 walikufa. Sasa atokee mtu aniambie kwamba pale breki "zilifeli"! Upepo ulivuja. Breki za mkono hazikutosha. Zilifungwa chache na mtu, chini ya taratibu zilizowekwa na watu. Kiswahili kinaweza kuyasema yote hayo kwa maneno ya kila siku.

Kijana wa mtaani akisema breki za pikipiki yake zimefeli nitamwacha, neno limeshaenea na sitalirudisha lilikotoka. Lakini mwandishi wa habari simwachi, na nyinyi mnaowaandikia watu chombo cha kujifunzia pia siwaachi.

Sasa mengine. Kufunga na kuachia ndiyo maneno yenu ya msingi, ila kuachia na kulegeza yote mnayahitaji. Treni za mizigo za Marekani, dereva akishaanza kuondoa breki zinaondoka zote, haziondoki nusu. Hizo zinaachiwa. Treni nyingi za abiria za Ulaya zinaruhusu breki ipunguzwe hatua kwa hatua. Hizo zinalegezwa. Nahodha wa kwenu hahitaji kufunzwa tofauti hii: kulegeza demani, ile kamba ya tanga, si kuiachia. Mchezo wenu ukiwa na mifumo yote miwili, kila mmoja upewe kitenzi chake.

Mvutano hapana. Mvutano ni wa wawili wanaovutana, chama na chama, ndugu na ndugu juu ya shamba. Andikeni "nguvu ya kuvuta", basi. Penye kazi zaidi ni kuteleza, kwa sababu neno hili moja linatumiwa kwa mambo mawili yenye dawa tofauti. Dereva akiongeza nguvu kupita kiasi, magurudumu yanazunguka bure. Apunguze nguvu na amwage mchanga relini. Akibana breki kupita kiasi, magurudumu yanakwama na kuserereka juu ya reli, alegeze breki. Onyo likisema "Magurudumu yanateleza" na lisiseme yanatelezaje, mchezaji atashika mkono usio wake.

Kitwa ni Kiswahili cha kaskazini chenye hadhi kamili, na asiyejua asiwacheke. Ila menyu yenu itasomwa na watu wa Voi, Dodoma na Kigoma, ambako treni zenyewe zinapita. Lamu bado haina reli; reli iliyo katika LAPSSET, mpango wa bandari, barabara na reli za kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, haijajengwa, ingawa gati la kwanza la bandari lilifunguliwa mwaka 2021. Wekeni kichwa katika menyu ya jumla, na programu ikikubali lugha zaidi ya moja, wekeni Kiamu kamili kando yake, si neno moja moja la kuchomeka.

Kukanyaga breki kuondoeni kabisa, maana breki za treni dereva huzifunga kwa mkono, si kwa mguu. Lakini neno lenyewe msilitupe. Vichwa vingi vina pedali ya kuhakikisha dereva yuko macho: asipoikanyaga inapotakiwa, kengele inalia, na akizidi kukaa kimya breki zinajifunga. Maandishi ya pedali hiyo ndiyo yaseme "Kanyaga".