Kuinamia Picha ya Mwasisi Katika Mafunzo ya Aikido

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Kijana wangu anajifunza aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani. Kabla ya mazoezi hupiga magoti na kufumba macho kimya, kisha huinama kuelekea picha ya mwasisi iliyotundikwa ukutani. Mwalimu huwaambia kwamba ipo nguvu iitwayo ki, iliyoenea ulimwenguni kote, na kwamba wajiunganishe nayo. Je, yafaa aendelee?

JIBU: Waalaykumus-salaam warahmatullah. Asili ya mazoezi ya kujihami ni halali, tena yakinuiwa kheri huwa na thawabu, kwani imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi mbele ya Allah kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Kinachohitaji kuchunguzwa ni itikadi inayofuatana na mazoezi hayo, na hapo michezo hii haifanani. Wanaoiharamisha yote kwa neno moja wamefanya pupa.

Judo iliasisiwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, mwalimu aliyekusudia malezi ya mwili na tabia, na ingawa alianza kufundisha ndani ya hekalu la Kibuddha la Eisho-ji, kumwangusha mtu kwa nyonga hakudai imani yoyote. Aikido ina habari nyingine. Mwasisi wake, Morihei Ueshiba (1883–1969), alikuwa mfuasi wa Omoto, dhehebu lililochipuka katika Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na huko ndiko alikochota mengi ya mafundisho yake ya kuoanisha nafsi na ulimwengu. Hata hekalu alilijenga huko Iwama kwa ajili ya sanaa yake. Mwalimu wa kijana wako, basi, hakuyazua aliyoyasema.

Ikiwa ki ni pumzi, utulivu na kwenda sambamba na mwendo wa mpinzani, hakuna neno. Ama kuitakidi nguvu iliyoenea ulimwenguni ambayo mja huungana nayo, hilo linagongana na tauhidi, na kijana asilikiri hata kwa ulimi.

Kuhusu ule ukimya, tazama mikono: mara nyingi hupakatwa, kiganja juu ya kiganja, ncha za vidole gumba zikigusana, na huo ndio mkao wa watawa wa Zen, tawi la Ubuddha, katika tafakuri yao. Kutuliza akili si kosa, lakini yeye aweke mikono magotini na amkumbuke Mola wake.

Kuinamia picha simruhusu. Kuhusu kumwinamia mwenzake, ambako hata judo kupo, Tirmidhi amepokea kwa Anas kwamba mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama mmoja wetu amwinamie nduguye anapokutana naye, akajibu hapana, alipoulizwa kuhusu kumshika mkono, akajibu ndiyo. Wapo wanazuoni walioitilia shaka sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, na wapo wanaoona kuinamisha kichwa kidogo kwa desturi ya heshima ni makuruhu tu, lakini mimi naegemea kujiepusha, maadamu kupeana mkono kunatosha.

Nenda wewe mzazi ukazungumze na mwalimu kwa adabu, faragha, kabla ya somo, umwombe amruhusu kijana asimame wima wenzake wanapoinama. Akikataa, au akimlazimisha kukiri hayo ya ki, mtoe umtafutie mazoezi mahali pengine.

Wallaahu a'lam.