Nzi wa Matunda: Embe Linalaumiwa, Mpera Umekaa Kimya

Mitego yangu inajaa nzi kila siku, lakini embe bado zina funza. Nimeuziwa chambo feki?

Si feki. Chambo cha methili eujenoli, yaani kemikali yenye harufu inayowavuta nzi, huita madume tu, na anayetoboa tunda ni jike. Ndoo iliyojaa madume inakuonyesha kwamba nzi wapo, tena wengi, na hata ukipunguza madume, jike aliyekwisha kupandwa anaendelea kutaga. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Kabla ya kuongeza mitego, tazama chini ya miti. Funza hutoka kwenye tunda lililoanguka, huzama sentimita chache udongoni, hugeuka pupa, kisha hutoka akiwa na mabawa. Kwa hiyo ukiyaacha matunda yaoze hapo, unafuga. Yakusanye, yafunge kwenye mfuko mweusi uuache juani siku kadhaa, au yafukie kina cha nusu mita na zaidi. Shimo la kukwangua kwa jembe halisaidii.

Ni kweli huyu nzi ni mgeni Afrika?

*Bactrocera dorsalis* ni mgeni kutoka Asia. Alionekana Kenya mwaka 2003, mwaka 2005 akapewa jina *Bactrocera invadens* kana kwamba ni aina mpya, na mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kuwa ni yule yule wa Asia. Wakati huo alikuwa ameshavuka bara. Hakuruka mwenyewe njia yote hiyo: tunda lenye funza ndani ya kikapu cha msafiri linamfikisha mbali kuliko mabawa yake. Lakini tusimsingizie mgeni kila kitu. *Ceratitis cosyra*, nzi mwingine wa matunda, ni mwenyeji wa bara hili, na embe amezila tangu zamani.

Matango na maboga yangu yanaoza kwa funza. Niweke chambo hicho hicho?

Hapana. Anayeshambulia jamii ya maboga ni mwingine, *Zeugodacus cucurbitae*, naye hana habari na methili eujenoli. Tafuta chambo chake.

Vile vinzi vidogo juu ya ndizi mbivu jikoni?

Vinafuata uchachu. Si hawa.

Nipige dawa gani?

Mnauliza dawa kabla ya kuhesabu miti! Funza yumo ndani ya nyama ya tunda, dawa imebaki kwenye ganda. Ukipiga shamba zima unaua pia *Fopius arisanus*, nyigu mdogo anayetaga ndani ya mayai ya nzi huyu, aliyeletwa Kenya na kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kutoka Hawaii mwaka 2006. Chambo cha protini chenye sumu kidogo, kikinyunyizwa sehemu ndogo tu ya mti, kinamwita jike mwenyewe, kwa sababu anahitaji protini ili mayai yake yakomae.

Sina mwembe hata mmoja. Niko salama?

Una mpera? Mchungwa? Mpapai? Mkungu wa kivuli mbele ya nyumba? Msimu wa embe ukiisha, nzi huhamia huko na kuusubiri mwingine. Hauko salama, na jirani yako mwenye miembe hayuko salama kwa sababu yako.