Jibu: Chumvi ya Noor III haigandi usiku?

Mkuu, umeuliza kama chumvi iliyoyeyushwa, inayobeba joto la vioo kwenye mnara wa Noor III, mtambo wa umeme wa jua kule Ouarzazate nchini Moroko, haigandi jua likishazama. Inaganda, tena vibaya, ukizembea. Ni mchanganyiko wa naitreti ya sodiamu asilimia 60 na ya potasiamu 40. Ikikaribia nyuzijoto 240 huanza kutoa chembe, na kwenye 220 hivi imeshakuwa jiwe. Ndiyo maana hata tangi linaloitwa la baridi, la chumvi inayosubiri kupashwa, hukaa kwenye 290, na la moto 565.

Matangi hayatishi sana, ni makubwa na yamefungwa vizuri joto lisipotee. Hatari iko juu ya mnara, kwenye mabomba membamba ya kipokezi, sehemu inayopigwa na mwanga wa vioo. Jioni chumvi yote huachiwa iteremke yenyewe hadi tangini. Asubuhi vioo vichache huelekezwa kwanza kuyapasha mabomba yakiwa matupu, ndipo pampu ijaze. Ukijaza bomba lenye kipande kimoja cha baridi, linaziba papo hapo. Na lililoziba likiendelea kupigwa na mwanga wa vioo linaungua, maana hakuna kinachobeba joto.

Mabomba ya chini na vali huzungushiwa nyaya za umeme za kupasha. Ikishaganda, usianze kupasha katikati: chumvi huvimba inapoyeyuka, na ikikosa pa kutokea inapasua chuma. Anzia ncha iliyo wazi, sogea polepole.

Noor I, mtambo mwingine wa hapohapo, ni habari nyingine. Vioo vyake vyenye umbo la mfereji hupasha mafuta yanayopita kwenye mabomba, chumvi iko kwenye matangi ya akiba tu.