Kengele haikugongwa: maswali yenu kuhusu kujiua, dhambi na msamaha

Tangu nihubiri kwenye msiba mmoja huku Masasi, maswali yamekuwa mengi kuliko kawaida. Mengine yamekuja kwa simu, mengine kwenye karatasi za daftari zilizokunjwa mara nne na kuachwa kwa mtunza kanisa. Majina nimeyaficha na vijiji nimevihamisha. Mimi ni padre wa Kianglikana niliyestaafu, basi msishangae majibu yakinuka ubani. Pale ambapo makanisa mengine yanafundisha tofauti, nitasema.

Kaka yangu alikufa kwa kujiua. Wazee wa kanisa walikataa kengele isigongwe, mwili usiingie kanisani, na msalaba usiwekwe. Hiyo ni sheria ya kanisa au ni yao? (Dada, Masasi)

Pole sana, dada yangu. Wazee hawakuitunga. Ilikuwa sheria kweli, na walirithi kwa waliowabatiza babu zao. Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha 1662 kinaagiza mwanzoni mwa ibada ya mazishi kwamba isitumike kwa watu wa namna tatu: asiyebatizwa, aliyetengwa na kanisa, na aliyejiua. Wakatoliki nao, katika sheria zao za mwaka 1917, waliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa kukusudia. Wamisionari wetu walioweka makazi hapa Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini walioanzisha Ndanda mwaka 1906, walikuja katika nyakati ambazo mambo ndivyo yalivyokuwa.

Lakini sheria hiyo imepitwa. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinataja bado watu wanaoweza kunyimwa mazishi, na aliyejiua hamo tena. Katekisimu yao ya mwaka 1992 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, kwamba Mungu anaweza kuwapa nafasi ya kutubu kwa njia anazozijua yeye peke yake, na kwamba Kanisa linawaombea. Mimi si Mkatoliki, ila maneno hayo nimeyasoma makaburini zaidi ya mara moja.

Nikwambie na la kwangu. Nikiwa shemasi kijana, katika mtaa ambao siutaji, tulimzika kijana mmoja nje ya uzio wa makaburi, saa tisa alasiri, bila wimbo. Watu wetu waligoma kuchimba, wakachimba wazee wa Kiislamu wa kijiji kile kile. Hata watani, ambao siku nyingine wangefanya vituko mpaka wafiwa wacheke, walikaa kimya chini ya mkorosho. Mimi nilishika kitabu mkononi na sikukifungua. Mpaka leo ni moja ya mambo ninayoyaungama kila Kwaresima.

Na Biblia yenyewe haikuweka uzio. Ahithofeli alijiua, na imeandikwa kwamba alizikwa katika kaburi la babaye (2 Samweli 17:23). Sauli alipokufa kwa kuuangukia upanga wake, watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kuufuata mwili wake, wakaizika mifupa yake na kufunga siku saba. Samsoni, aliyejiangushia nyumba pamoja na maadui zake, ndugu zake walishuka wakamchukua, wakamlaza katika kaburi la babaye Manoa, na Waraka kwa Waebrania ukaja kumtaja miongoni mwa mashujaa wa imani.

Msalaba wa kaka yako unaweza kuwekwa hata sasa. Nenda na mjomba wako kwa kasisi wa mtaa, ombeni siku ya kwenda kaburini kwa sala. Wazee wakija, waje. Usibishane nao pale.

Aliyejiua hakupata muda wa kutubu, na dhambi isiyotubiwa haisamehewi. Sasa ataokokaje? (Kijana wa kwaya, Nachingwea)

Hesabu yako, mwanangu, imenyooka sana, na hapo ndipo penye shida. Mtu ametoka nyumbani asubuhi hasemezani na mkewe, amepanda mnazi na kinyongo chake, ameanguka. Ametubu saa ngapi? Mwingine amelala na uongo wa jana, hakuamka. Ikiwa kila dhambi lazima iwe na toba yake ya pekee kabla ya pumzi ya mwisho, basi kwaya yako nzima haitafika, na padre wako atakuwa wa kwanza kubaki. Mwenye zaburi aliliona hilo zamani: "BWANA, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?" (Zaburi 130:3). Toba ni kumgeukia Mungu maisha yako yote. Usiifanye stakabadhi ya ghala, kwamba usipoionyesha mlangoni hulipwi.

Usinielewe vibaya. Kujiua ni dhambi, na Kanisa halijawahi kusema vinginevyo. Augustino, askofu wa Hippo kule Algeria ya leo, alisema amri ya "Usiue" inamhusu na mtu mwenyewe. Thomas wa Akwino akaongeza karne ya 13 kwamba anayejiua anakwenda kinyume na maumbile yanayojipenda, anaikosea jamii yake, na anamnyang'anya Mungu kilicho chake. Nakubali yote matatu. Lakini Augustino huyo huyo, alipowaza juu ya wanawake waliojiua wasije wakanajisiwa na maadui, aliuliza ni nani mwenye moyo wa kibinadamu asiyetaka wasamehewe. Na Martin Luther, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, hakukubali kwamba waliojiua wamepotea kwa hakika. Aliwafananisha na mtu aliyeuawa na majambazi porini.

Mfano huo wa majambazi naupenda, maana unafika karibu na yale madaktari wanayotufundisha. Msongo wa mawazo uliozidi, ugonjwa wa akili, ulevi, maumivu yasiyokwisha: hivyo humteka mtu. Katekisimu niliyoitaja inasema wazi kwamba mambo ya namna hiyo hupunguza uzito wa kosa. Tendo tunaweza kulipima. Aliyelitenda, na saa yake ya mwisho ilivyokuwa, hatuna mzani wake.

Umeniandikia pia 1 Wakorintho 3:17, kuhusu kuliharibu hekalu la Mungu. Rudi usome mstari wa 16 kwa Kiswahili chako: "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu". Ninyi, si wewe. Paulo anawaonya wanaolipasua kanisa la Korintho kwa makundi. Ukiutumia mstari huo msibani kuwagawa wafiwa, jiulize unamwangukia nani.

Je, ndiyo ile dhambi isiyosameheka? (Hakuandika jina)

Hapana. Yesu ameitaja mwenyewe katika Marko 3:29: kumkufuru Roho Mtakatifu. Aliwaambia watu waliomwona akiponya wakasema anatumia pepo. Hakuna mahali Biblia inapoiita kujiua dhambi isiyosameheka.

Na Yuda? Yeye si yupo motoni? (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Ndanda)

Mwalimu, Kanisa lina orodha ndefu ya watakatifu. Orodha ya walioko motoni halijawahi kuitoa, hata kwa jina moja. Maneno ya Yesu juu ya Yuda ni mazito na sitayapunguza. Lakini nakuomba, kabla ya kufundisha watoto habari za kifo chake, uwasomee mistari inayotangulia katika Mathayo 27. Yuda alijuta. Akarudisha fedha zote thelathini. Akaenda hekaluni akaungama kwa makuhani, kwa mdomo wake: nimekosa. Nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi?"

Mstari huo unanitisha mimi padre kuliko kifo chenyewe. Mtu alikuja na dhambi yake mahali pa kuisemea, wenye kazi hiyo wakamwambia haiwahusu. Petro alimkana Bwana usiku ule ule. Tofauti ninayoiona ni kwamba Petro alikuwa bado na wenzake wa kukaa nao mpaka asubuhi ile Yesu mfufuka alipowaandalia samaki na mkate kando ya ziwa (Yohana 21).

Mimi ni Muislamu, mke wangu Mkristo. Shemeji yetu alijiua, na upande wa mke wangu unasita kufanya arubaini. Kwenu inaruhusiwa kumwombea? (Shemeji, Lindi)

Kwetu Waanglikana wa huku na kwa Wakatoliki, ndiyo, tunamwombea. Walutheri na Wapentekoste kwa kawaida hawamwombei marehemu, huomba kwa ajili ya waliobaki. Hata hivyo hakuna anayekatazwa kukusanyika. Pikeni, shemeji, na majirani waje.

Nimechukua kangomba, yaani pesa ya korosho kabla hazijavunwa, misimu miwili, korosho zote zinaishia kwa mdai. Nimechoka. Kama Mungu anasamehe kila kitu mnavyosema, kwa nini nisipumzike tu? (Mkulima, Tandahimba)

Ndugu yangu uliacha namba, na nilikupigia siku ile ile. Kwa hiyo haya nayaandika kwa mwingine anayesoma akiwa na swali lako.

Nilimuuliza moja kwa moja: unafikiria kujiua? Watu huogopa kuuliza wakidhani wanampa mtu wazo. Wazo analo tayari. Ukiuliza unampa mahali pa kuliweka.

Wapo watakaonilaumu kwamba nikisema Mungu husamehe, nafungua mlango. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na nilivyoona ni hivi: vitisho vya jehanamu havimzuii mtu aliyekata tamaa. Yeye anaona tayari yumo ndani yake. Vitisho vinamzuia kusema. Anakuja kanisani, anaimba, anarudi nyumbani na siri yake, kwa sababu amesikia tunavyowasema wenzake waliotangulia. Kumwambia mfiwa kwamba Mungu ana rehema si kumpa mtu ruhusa ya kufa.

Msome Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii ameketi chini ya mretemu anaomba afe: "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Malaika hakumhubiria, wala hakumkemea kwamba amekosa imani. Alimpa mkate uliookwa na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, baada ya safari. Basi ukichoka hivyo, kula kwanza. Usikae peke yako usiku wa leo, lala kwa ndugu au ndugu aje kwako. Dawa za mikorosho zitoke nyumbani zikahifadhiwe kwa jirani mpaka hali itulie. Kisha hospitali, kama ambavyo ungekwenda kwa homa: Ndanda, Mkomaindo hapa Masasi, Ligula pale Mtwara mjini, au iliyo karibu. Waambie maneno haya haya uliyoniambia.

Najua wengine wanaogopa polisi. Ni kweli, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025, nami natamani chetu kifuate. Lakini kuwa na mawazo hayo, na kumwambia daktari, si kosa la mtu yeyote.

Deni nalo lisemwe. Mpe mjomba hesabu yote, pamoja na ile sehemu unayoiona aibu. Kangomba inaishi kwa sababu kila mkulima anadhani ni yeye tu aliyeuza mikorosho ikiwa bado na maua. Nusu ya kijiji imeuza.

Mwanangu aliniambia jioni, "Mama, nimechoka na dunia." Nikamwambia akalale. Mungu atanisamehe? Viatu vyake bado vipo mlangoni, watu wanasema nivigawe. (Mama, Newala)

Mama, ulimwambia akalale kwa sababu ndivyo tunavyomwambia mtoto aliyechoka. Malaika naye alimwacha Eliya alale. Ulichokijua asubuhi hukuwa nacho jioni. Kama moyo wako unasema kuna kosa, liungame, nitakusomea maneno ya kusamehewa kama ninavyomsomea mtu yeyote, na hayana kifungu cha pembeni kinachokutoa wewe. Lakini sidhani kwamba kila kinachouma ni dhambi.

Nimemwomba mama mchungaji na wawili wa umoja wa akina mama waje kwako Jumatano. Hawatakuja kuhubiri, watatwanga nawe. Wasimulie habari zake tangu alipozaliwa, siyo jioni ile tu.

Viatu viache mlangoni. Hakuna haraka.