Kicheko kwenye kikao cha kubuni mawazo: bosi wako yuko sahihi nusu

Mleta uzi umeuliza kama bosi wenu hapo Arusha ana haki ya kufungua kila kikao cha kubuni mawazo kwa video za vichekesho, au anawapotezea muda. Mimi niko Moshi, kwenye kikampuni cha kukaanga na kufungasha kahawa. Nijibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, hilo hajalitoa hewani. Mwaka 1987 Alice Isen na wenzake, Marekani, waliwapa wanafunzi mshumaa, viberiti na kiboksi cha pini, wakaambiwa wabandike mshumaa ukutani bila nta kudondoka chini. Jibu ni kumwaga pini, kubana kiboksi ukutani na kusimamisha mshumaa juu yake. Waliotangulia kutazama filamu ya kuchekesha walilipata kwa wingi kuliko waliotazama filamu ya hesabu. Kinachowakwamisha watu ni kuona kiboksi kama chombo cha pini tu.

Sasa ya kwetu. Pakiti za nusu kilo zilikuwa zinalala dukani. Watalii walioshuka mlimani wanazishika, wanazigeuza, wanazirudisha. Begi la ndege lina kilo zake. Asubuhi nzima tukawa tunapendekeza punguzo, punguzo, punguzo. Mhasibu wetu ni Mpare na wengi wetu ni Wachaga, kwa hiyo utani kwetu ni kama salamu. Mhasibu akasema bei isiguswe. Mkaangaji akamrukia: "Wewe Mpare ungeachiwa, ungeuza kahawa kwa kijiko!" Naye hakulaza damu: "Na wewe Mchaga ungemtoza mteja hata kunusa!"

Tulicheka mpaka watu wa ghalani wakaja kuchungulia. Vicheko vilipopoa, dada wa mauzo akasema, "Hebu ngojeni. Kwa nini tusiuze kwa kijiko kweli?"

Ndipo zikaja pakiti ndogo za kikombe kimoja kimoja, mtalii anabeba kadhaa za zawadi wala begi halijui. Na kunusa nako kukaingia: kopo la buni iliyokaangwa likakaa wazi kaunta, mteja anuse bure. (Mkaangaji bado anadai alistahili malipo kwa kila pua.)

Kijiko chetu ndicho kile kiboksi cha pini. Mtani anakichukua kitu unachokijua, anakipa kazi ya kipuuzi, na kwa sababu ni utani hakuna anayekimbilia kukikosoa. Mwaka 2009 watafiti wa huko huko Marekani, akiwemo John Kounios, walipima ubongo wa watu wanaofumbua mafumbo ya maneno. Wenye furaha walifumbua mengi zaidi, hasa kwa lile jibu linalokuja ghafla. Wenye wasiwasi walikuwa kinyume.

Kwa hiyo tatizo la bosi wako ni video. Kicheko chetu kilitoka ndani ya shida yenyewe, kahawa isiyouzika. Video ya paka inachangamsha watu, sikatai, lakini haiwapi kijiko.

Angalieni pia nani anachekwa. Ukimcheka mtu kwa pendekezo lake, hutamsikia tena mpaka mwisho wa mwaka. Watani wa jadi wanajua mipaka, hawakasirikiani. Mgeni aliyeajiriwa juzi haijui, msimwanzie yeye. Sisi kila mtu anaandika mawazo yake peke yake kwanza, ndipo tunakaa, maana wazungumzaji wakubwa wakianza wengine husahau walichotaka kusema.

Na hesabu msifanye mkiwa mnacheka. Kifungashio cha kikombe kimoja kina gharama kubwa kwa kila gramu kuliko cha nusu kilo. Hilo mhasibu alilikokotoa siku nyingine, mlango umefungwa, na bei tuliyoanza nayo kichwani ikapanda.

Mwambie bosi azime projekta, aanze kwa kuwaruhusu mumtanie yeye kuhusu hiyo shida inayowakusanya. Akinuna, basi rudisheni video.